Maoni ya watu wa Mombasa kuhusu kutowafunga watumiaji wa dawa za kulevya: tuulize vipi?

Kikundi_Likoni

Wadau, hamjambo. Kikundi chetu hapa Likoni kinataka kukusanya maoni ya watu wa Mombasa kabla ya kupeleka ombi Bungeni. Ombi lenyewe ni kwamba mtu akikutwa na dawa za kulevya za kutumia mwenyewe asifungwe, apelekwe tiba. Muuzaji abaki palepale alipo kisheria.

Wenzangu wanataka tukae feri asubuhi na karatasi yenye swali moja: "Je, unaunga mkono kuhalalishwa kwa matumizi ya dawa za kulevya? Ndiyo / Hapana." Wanasema kwa siku mbili tutakuwa na majibu elfu moja na kazi imekwisha. Mimi naona tutapata "hapana" tele na tusijue watu wamekataa nini. Bangi? Unga (heroini)? Muguka (majani ya kutafuna)?

Naomba wenye ujuzi watuongoze: tuulize nini, tuulize wangapi, na mtego wa kisheria uko wapi?

Karani_wa_Takwimu

Ndugu, karatasi hiyo isichapishwe.

Mnauliza jambo ambalo hamliombi. Kuhalalisha ni kitu kuuzwa kwa leseni, kama sigara. Ninyi mnaomba mtumiaji asifungwe huku dawa ikibaki marufuku. Ureno ilifanya hivyo kwa sheria nambari 30 ya mwaka 2000, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 2001. Anayekutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10 (gramu 1 ya heroini, gramu 2 za kokeini, gramu 25 za majani ya bangi) hunyang'anywa dawa na kuitwa mbele ya jopo la watu watatu ndani ya saa 72. Hapelekwi mahakama ya jinai, lakini dawa bado si halali. Mtu wa Majengo au Bombolulu akisikia "kuhalalishwa" anaona duka la unga likifunguliwa mkabala na madrasa, na jibu lake litatoka kwenye picha hiyo.

Halafu feri. Wanaovuka asubuhi ni watu wa kazi waendao kisiwani. Hapo humpati mtu wa Jomvu, wala mama aliyebaki nyumbani, wala mzee asiyetoka. Mkiongeza idadi kutoka elfu moja hadi elfu kumi bado ni maoni ya wavukaji.

Kubwa zaidi ni hili: Ndiyo/Hapana kwenye jambo la dini na aibu. Swali likiwa moja tu, mtu hujibu swali lililo moyoni mwake, yaani je, ni haramu? Ndipo linapokuja "hapana", nalo halina uhusiano na jela. Dawa yake ni kumpa nafasi ya kulaani kwanza. Uliza: "Kwa maoni yako, kutumia unga ni jambo baya sana, baya, au si baya?" Akishatoa dukuduku lake, ndipo umuulize mtu huyo afanywe nini. Wapo wengi wanaosema "baya sana" na hapohapo hawataki mtoto wa jirani apelekwe jela ya Shimo la Tewa. Karatasi yenu ingewahesabu wote kuwa wapinzani.

Swali la adhabu lijengwe juu ya kisa kifupi, si juu ya sera. Mfano: "Kijana wa miaka 24 amekamatwa barazani akiwa na kete mbili za unga. Ni mara yake ya kwanza, hakuiba kitu. Afanywe nini?" Majibu yawe matano: aachiliwe kwa onyo, atozwe faini, apelekwe tiba, apewe kazi ya jamii, afungwe. Mpangilio wa majibu ubadilishwe kati ya karatasi na karatasi, kwani linalosomwa mwisho ndilo hukumbukwa.

Kisha badilisha vitu viwili tu ndani ya kisa. Cha kwanza ni dawa: msokoto wa bangi, kete mbili za unga, au vidonge vitano vya bugizi (dawa za usingizi zinazotumiwa kulewa). Cha pili ni wizi: hakuiba, au aliiba simu. Hapo mna visa sita. Kila mtu asomewe viwili vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu. Kitu cha wizi msikiache. Mitaa iliyoonja magenge ya vijana wenye mapanga huchanganya mtumiaji na mkabaji, na bila kutenganisha hamtajua watu wanaadhibu unga au wanaadhibu wizi.

Idadi: hesabu ya kawaida ya kupata kosa la asilimia 5 kwa uhakika wa asilimia 95 ni watu 384. Lakini nyinyi mtakwenda mtaa kwa mtaa, na majirani hufanana mawazo, kwa hiyo zidisha kwa 1.5, ifike 576. Ongeza watakaokataa au kukosekana, weka 640: maeneo 40 ya sensa, nyumba 16 kila eneo, yagawanywe kwa idadi ya watu katika Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Visa viwili kwa watu 576 watakaojibu ni majibu 1,152, yaani 192 kwa kila kisa. Kila kisa peke yake kitakuwa na kosa la takriban asilimia 7. Basi msije mkatangaza kwamba bugizi imeizidi bangi kwa asilimia 4.

Yanayoharibika uwanjani:

Nyumba za vyumba. Mtaa wa Majengo au mtaa wa Bangladesh, mlango mmoja wa nje unaweza kuwa na kaya nane. Orodhesha vyumba kwanza, kisha chagua chumba, kisha ndani ya chumba chagua mtu mzima ambaye siku yake ya kuzaliwa imepita karibuni zaidi. Ukimchukua aliyefungua mlango, mwisho wa wiki utakuwa na karatasi zilizojaa kina mama na wasiokwenda kazini. Mfanyakazi wa bandarini mwenye zamu rudia mara tatu, jioni na Jumapili, ndipo umwandike kuwa amekosekana.

Muulizaji akiongozana na mzee wa mtaa au mtu wa Nyumba Kumi (ulinzi wa mtaa), watu watajibu wanachodhani chifu anataka kusikia. Akija peke yake na kalamu na maswali ya unga, watamdhani askari kanzu. Njia ya katikati ni barua ya kikundi, kitambulisho shingoni, na mzee wa mtaa kuarifiwa mapema bila kuja nyumbani. Majibu ya visa yatiwe alama na mjibu mwenyewe kwenye kadi, ikunjwe, itiwe kwenye bahasha, maana shemeji amekaa palepale anasikiliza. Asiyesoma apewe kadi zenye picha.

Na muguka wekeni wazi tangu sentensi ya kwanza kwamba haumo. Tangu gavana Abdulswamad Nassir aupige marufuku Mei 2024 na marufuku hiyo kukwama mahakamani, ukitaja dawa za kulevya hapa mjini nusu ya mazungumzo huhamia huko.

Mzee_wa_Kibokoni

Hesabu zote hizo za nini? Wakenya wameshajibu. Mwaka 2022 mgombea urais Wajackoyah alizunguka nchi nzima na bangi yake, akapata kura 61,969, asilimia 0.44. Na huko Oregon, Marekani, walipitisha kutowafunga watumiaji kwa kura asilimia 58 mwaka 2020, kufika 2024 bunge lao wenyewe likarudisha jela. Mnataka tupite njia ambayo wenzetu wameiacha?

Karani_wa_Takwimu

Mzee wangu, shikamoo. La Wajackoyah halisimami. Utafiti wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka huohuo wa 2022 ulikadiria watu 518,807 kati ya umri wa miaka 15 na 65 wanaotumia bangi nchini. Ni zaidi ya mara nane ya kura zake. Hata ukiwatoa wasiofika umri wa kupiga kura, wavutaji wenyewe hawakumchagua. Kura ya urais hubeba kabila, chama na hofu ya kuipoteza bure. Huwezi kuchomoa humo maoni juu ya jambo moja.

La Oregon una haki, na ndilo la kujifunza. Sheria yao iliyoanza Februari 2021 iliweka faini ya dola 100, ambayo ilifutwa mtu akipiga simu kwenye nambari ya ushauri. Waliopiga simu walikuwa wachache mno, fedha za tiba zikachelewa kufika vituoni, na hakuna aliyemfuatilia aliyepuuza tikiti. Wakati huohuo fentanili, dawa kali kuliko heroini, ikaingia kwa wingi na watu wakaona matumizi yamejaa barabarani. Waliokubali mwaka 2020 walikubali "tiba badala ya jela", wakapata tikiti bila tiba. Ndiyo maana swali lenu lazima liseme hatua inayofuata: nani anampeleka, wapi, na asipokwenda inakuwaje. Ongezeni swali hilo la mwisho, "akikataa tiba mara ya pili?", ndipo mtaona uungaji mkono unasimama au unaanguka.

Wakili_Kizingo

Upande wa sheria, mjue mnaomba kubadilisha nini hasa.

Sheria ni ile ya kudhibiti dawa za kulevya ya 1994. Kifungu cha 3 kinahusu kupatikana na dawa. Hapo awali bangi ya kutumia mwenyewe ilikuwa na kifungo cha miaka 10, dawa nyingine miaka 20. Marekebisho ya 2022 yalishusha bangi ya matumizi binafsi hadi kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Wengi mtaani bado wanataja ile ya zamani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "adhabu ipunguzwe?" mwambieni mjibu adhabu ya sasa ni ipi, au muulizeni kwanza anadhani ni ipi.

Kifungu cha 5 husahaulika na ndicho kinachouma. Kinafanya kuvuta, kunusa au kutumia kwenyewe kuwa kosa, na pia kukutwa na kiko au chombo chochote cha kutumia, kwa faini ya shilingi 250,000 au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Ombi likitaja kifungu cha 3 pekee, mtu ataachiwa kete yake na kushtakiwa kwa kile alichovutia.

Jambo lingine: mzigo wa kuthibitisha kwamba bangi ni ya kutumia mwenyewe uko kwa mshtakiwa, na sheria haikutaja gramu ngapi ni za matumizi. Misokoto mitatu kwa askari mmoja ni matumizi, kwa mwingine ni biashara. Ndiyo maana nchi zinazoondoa jinai huhangaika na vipimo. Ureno ina siku 10, Oregon iliweka gramu 1 kwa heroini. Kipimo kikiwa kidogo mno, mtumiaji wa kawaida anaangukia upande wa muuzaji. Kikiwa kikubwa, muuzaji anatembea na kiasi cha chini ya kipimo na akiba ameiacha kwingine. Ombi lenu lisipotaja kipimo, kamati itauliza swali hilo kabla ya yote.

Msiende kwa bunge la kaunti. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti udhibiti wa dawa za kulevya, hilo kweli, lakini makosa haya na adhabu zake yamo katika sheria ya Bunge. Kaunti inaweza kujenga kituo cha tiba. Haiwezi kufuta kifungo. Ombi liende Bunge la Taifa kwa kifungu cha 119 cha Katiba na sheria ya maombi ya 2012. Masharti yake madogomadogo ndiyo huangusha watu: liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza kwa lugha ya heshima, lisiwe na mfuto wala nyongeza za kalamu katikati ya mistari, mada iandikwe juu ya kila karatasi, na sahihi au alama za dole gumba ziwe juu ya ombi lenyewe. Sahihi zilizokatwa kwingine na kubandikwa hazikubaliki. Mseme pia mmeshajaribu kupeleka jambo hili kwa taasisi gani na kama kuna kesi inayohusu jambo hilo mahakamani. Jumuiya ya Rastafari ilifungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2021 kuhusu bangi; hakikisheni imefikia wapi siku mnapowasilisha.

Kazi ya kuuliza nayo: utafiti unahitaji kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na teknolojia), na kabla yake idhini ya kamati ya maadili. Msimuulize mtu kama yeye mwenyewe anatumia. Hamuhitaji jibu hilo, na karatasi yenye nyumba yake na jibu hilo ni hatari kwake.

Na mkiandika utetezi wa ombi, msiseme hakimu hana njia ila jela. Sheria ya kazi za jamii ya 1998 inamruhusu kuagiza kazi ya jamii pale anapoona kifungo kinachofaa hakizidi miaka 3. Njia ipo, haitumiki sawasawa. Mbunge mwenye mwanasheria mzuri atawabana hapo.

Siha_Kisauni

Mnasema "apelekwe tiba". Tiba gani? Methadoni ni dawa ya kumtibu aliyezoea heroini na jamii yake. Haimsaidii mvuta bangi wala mla bugizi. Kisa cha karatasi kikiwa cha bangi, neno tiba maana yake ni ushauri nasaha, na kwa wengi wa wanaovuta hata huo si lazima. Wekeni jibu linalolingana na dawa, la sivyo mtahesabu watu waliokubali kitu kisichokuwepo.

Kwa unga, wajibu wanafaa kujua utaratibu kwa sentensi mbili. Methadoni ilianza kutolewa Kenya Desemba 2014 pale hospitali ya Mathari, Nairobi, pwani ikaanza Malindi 2015, leo ipo Kisauni, na watu wa Likoni wana kituo cha Kombani, Kwale, bila kuvuka feri. Ni dawa ya maji, hunywewa mbele ya mhudumu kila siku, sikukuu ikiwemo. Siku ya kwanza huwa miligramu 15 hadi 30, hupandishwa kidogokidogo kila baada ya siku kadhaa, na wengi hutulia kati ya 60 na 120. Wanaodhani ni sindano moja ya kumtakasa mtu hukasirika wakiona bado anakwenda kliniki baada ya mwaka, na kasoro hiyo huonekana kwenye majibu.

Hapa ndipo kukamatwa kunapogusa tiba moja kwa moja. Katiba, kifungu cha 49, inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata. Akishikwa Ijumaa jioni ni Jumatatu. Amekosa Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu akichelewa kortini kliniki imefungwa. Akikosa siku tatu mfululizo hapewi dozi ileile: hupimwa upya na dozi hupunguzwa, mara nyingi kwa nusu. Zikizidi tano huanza karibu na mwanzo. Si adhabu. Mwili umeshapoteza uzoefu, na miligramu 100 zilizomtuliza wiki iliyopita zinaweza kumzima pumzi, hasa akichanganya na bugizi au pombe. Lakini dozi ikishuka arosto (mateso ya mwili kukosa dawa) inampanda, na kete iko hatua chache kutoka alipo. Hivyo hata kabla ya hukumu, wikendi moja ya seli imeshavunja miezi ya kazi. Walioachiliwa kutoka jela wako hatarini zaidi wiki mbili za kwanza, kwa sababu hiyohiyo.

Tena seli zina kifua kikuu. Rifampisini ya kutibu kifua kikuu hupunguza methadoni mwilini, mtu anapata arosto akiwa anameza dozi yake kamili, anaacha vidonge vya kifua kikuu. Dozi ya methadoni hupandishwa. Asipomwambia mhudumu, hakuna atakayejua.

Ongezeni swali moja ambalo Karani hakuligusa: "Kituo cha methadoni kikijengwa umbali wa dakika 10 kwa miguu kutoka kwako, utakubali, utapinga, au hujali?" Wako watakaochagua "apelekwe tiba" kwenye kisa, kisha wapinge kituo. Tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo kaunti inaihitaji zaidi kuliko takwimu yoyote ya bunge.

Kikundi_Likoni

Shukrani nyingi. Rasimu yetu ya kisa: "Teja mmoja wa Likoni amekamatwa na kete mbili za unga. Je, huoni ni afadhali apelekwe kliniki ya methadoni kuliko kujazwa jela pamoja na wauaji? Ndiyo / Hapana / Sijui." Tunaanza wiki ya pili ya Ramadhani kwa kuwa watu wako nyumbani.

Karani_wa_Takwimu

Karibu, lakini rekebisheni haya.

"Teja" itoke, wekeni "kijana". Neno hilo limeshamhukumu. "Je, huoni ni afadhali" inamsukuma mjibu, na "pamoja na wauaji" inamsukuma upande huohuo. Mpinzani wenu ataisoma hadharani mbele ya kamati na kazi nzima itaitwa ya kupikwa. "Likoni" itoke pia, maana mtu wa Nyali atajibu juu ya Likoni. Majibu matano niliyoyataja yarudi, na "Sijui" iwepo kwenye kadi bila kusomwa.

Ramadhani hapana. Wakati huo watu wako karibu zaidi na mafunzo ya dini na ukali wa majibu hupanda, na baada ya futari hakuna atakayekupa dakika 20 kabla ya tarawehe. Subirini wiki tatu baada ya Idi. Msipite pia katika mtaa uliotoka kufanyiwa msako au kuvamiwa na wenye mapanga. Ruka eneo hilo kwa wiki mbili, kisha rudi.

Jaribuni kwanza kwa watu 30 nje ya maeneo yenu 40, mkimuuliza kila mmoja ameelewaje kisa. Wakitokea zaidi ya watatu wanaodhani mnauliza juu ya muuzaji, andikeni kisa upya kabla ya kuchapisha kadi.